Dari ya Mbao Kuukuu: Anza na Paa, Malizia na Urembo

Kila mwaka bonasi ya chai inapokaribia, wakulima wengi wa Kericho na Bomet huanza kuzitazama nyumba zao upya. Mwaka mmoja hununua mabati, mwaka wa pili hutia sakafu ya saruji, mwaka wa tatu huweka vioo madirishani. Siku hizi wako wengi wanaotaka dari ya mbao katika sebule: si mbao mpya kutoka kiwanda cha kupasulia magogo, bali mbao zilizokwisha kutumika mahali pengine, zikang'olewa misumari, zikapigwa randa na kupangwa kwa ustadi mpaka rangi zake mbalimbali zikawa pambo la nyumba.

Ndugu mkulima, jambo hilo ni jema. Mbao kuukuu ni rahisi kuliko mpya, na nyingine ni imara zaidi. Lakini usisahau hili: dari ni mzigo wa mbao kavu ulioning'inizwa juu ya vichwa vya watoto wako. Ikijengwa vizuri itakaa hata wajukuu waione. Ikijengwa vibaya itavimba, itaoza, italiwa na wadudu, au, lililo baya kuliko yote, itashika moto na kuiteketeza nyumba yote. Kwa hiyo makala haya yatafuata utaratibu ambao kazi yenyewe yapasa kuufuata. Urembo utakuja mwisho.

KWA NINI DARI KATIKA NCHI YETU

Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na sehemu zetu zenye chai hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo sababu chai inastawi, na ndiyo sababu nyumba zetu zina baridi. Mabati peke yake hayazuii baridi. Usiku mabati hupoa upesi, na mvuke wa pumzi za watu na wa chakula hupanda juu, ukagusa bati baridi na kugeuka maji. Asubuhi utaona matone kitandani, ukadhani paa linavuja, kumbe ni mvuke wa nyumba yenyewe.

Tena nchi yetu inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Mkulima wa chai anajua hasara yake shambani. Ndani ya nyumba ya mabati matupu, mvua hiyo hupiga kelele hata watu wawili hawasikilizani, na mtoto anayesoma hufunga kitabu. Dari ya mbao hupunguza kelele, huhifadhi joto, na huzuia vumbi na masizi yasianguke juu ya chakula.

Wala si jambo geni kwetu. Katika nyumba za wazee, za mviringo, palikuwa na dari ya fito iliyohifadhi nafaka, na moshi wa moto uliikausha na kufukuza wadudu. Wazee walijua kwamba nafasi iliyo chini ya paa ina kazi yake. Sisi tumebadili paa tu, tukaweka mabati, tukaisahau nafasi ile.

MBAO KUUKUU HUPATIKANA WAPI

Zamani, kabla ya magunia ya karatasi kutumika, viwanda vyetu vilipakia chai katika masanduku ya mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, yenye vipande vya chuma pembeni na karatasi ya madini inayong'aa ndani. Masanduku mazima yalikwenda ng'ambo na chai yake, na huko Uingereza watu walipenda kuyatumia kuhamishia vyombo vya nyumba. Ukikuta ubao wa sanduku la chai katika stoo ya mzee, usiuchome. Ukiwa mkavu na tabaka zake hazijaachana, unafaa sana kwa dari, maana ni mwepesi.

Siku hizi mbao nyingi zinazopatikana ni za paleti, yaani zile meza fupi za mbao ambazo mizigo huwekwa juu yake ili iinuliwe kwa mashine. Chai, mbolea, saruji na vyombo vya viwandani husafirishwa juu ya paleti, na zilizovunjika huuzwa. Mbao zake ni fupi, kwa kawaida urefu wa mita moja au zaidi kidogo, lakini nyingi zimenyooka.

Tatu ni mbao za majengo ya zamani. Katika mwaka wa 1962 mpango wa ekari milioni moja ulianza, na mashamba yaliyokuwa ya masetla, yakiwamo ya upande wa Sotik, yakagawiwa wakulima. Katika mashamba kama hayo ziliachwa nyumba, mazizi na nyua. Ikiwa kwako umebaki uzio wa nguzo za mtarakwa, hiyo ni mali. Mtarakwa ni mbao nyekundu yenye harufu nzuri, tena mchwa hawaupendi. Nguzo iliyooza chini ya ardhi mara nyingi bado ni nzima juu, nayo yaweza kupasuliwa mbao nyembamba za kupendeza.

Mbao hizi zimepata thamani zaidi tangu mwaka wa 2018, Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, zikapungua sokoni na bei ikapanda. Mwaka wa 2023 Serikali ilitangaza kuliondoa zuio hilo, lakini watu walikuwa wamekwisha kujifunza kutotupa ubao. Basi unaponunua, uwe mwangalifu. Mdai muuzaji risiti iliyoandikwa aina ya mbao, idadi yake na mahali zilipotoka. Usafirishaji wa mazao ya misitu unahitaji kibali, na afisa akikusimamisha njiani na lori la mbao, yafaa uwe na karatasi mkononi kuonyesha kwamba mbao zako hazikukatwa msituni kwa siri. Kama huna hakika, uliza ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu kabla ya kupakia.

MBAO ZA KUKATAA

Si kila ubao wa bure ni faida. Zikatae hizi:

Kwanza, paleti isiyo na alama au yenye alama mbaya. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wenye picha ya suke la ngano, herufi za nchi zilikotoka na herufi za namna zilivyotiwa dawa. Herufi HT maana yake ubao ulipashwa moto mpaka katikati yake ukafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa muda wa dakika 30, ili kuua wadudu. Hizo zinafaa. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu. Hizo usiziingize nyumbani.

Pili, ubao wenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa. Paleti yaweza kuwa ilibeba dawa za kuua wadudu au magugu, na pipa likavuja. Randa haiwezi kuondoa sumu iliyonywewa na ubao. Nusa kila ubao, na ukitia shaka uweke kando.

Tatu, vipande vya nguzo za umeme au za simu. Nguzo hizo hutiwa dawa kali ili zisioze. Nyingine ni nyeusi na zina harufu ya lami, na nyingine zina rangi ya kijani kibichi. Ni nzuri kwa uzio, lakini hazifai dari, wala hazifai kuni za jikoni, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

Nne, ubao uliopakwa rangi ya zamani sana. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari kwa akili za watoto. Usiusugue kwa msasa ukiwa mkavu.

Tano, ubao wenye vitundu vidogo kama vya sindano. Ugonge juu ya karatasi nyeupe. Ukitoa unga mpya laini, wadudu wangali hai ndani, nao watahamia katika kenchi za paa lako. Uchome nje.

Tena neno moja juu ya vitu visivyo mbao. Ukibomoa nyumba ya zamani ukakuta paa au dari ya vibao vya kijivu vigumu kama saruji, simama. Yaweza kuwa asbesto, ambayo vumbi lake huingia mapafuni na kuleta maradhi yasiyopona. Usivunje, usikate, usitumie tena. Katoe habari kwa wakuu wa mazingira wa kaunti.

KUNG'OA MISUMARI NA KUKAUSHA

Kazi ya kung'oa misumari ndiyo inayochosha, na watu wengi huifanya kwa haraka. Vaa viatu vyenye soli ngumu na glavu za ngozi. Msumari wenye kutu ukikuchoma, osha kidonda na uende zahanati siku hiyo hiyo upate sindano ya pepopunda. Usiwaache watoto wacheze mahali hapo, na tia misumari yote katika kopo, maana ukianguka majanini ng'ombe ataumeza.

Mbao za paleti ni ngumu kung'oa bila kuzipasua. Njia iliyo nyepesi ni kuzikata kwa msumeno karibu na misumari ya mwisho, ukapoteza inchi moja au moja na nusu kila upande. Utapata kipande safi cha futi 3. Kisha pitisha sumaku juu ya kila ubao kabla ya kuupiga randa. Msumari mmoja uliofichika huharibu makali ya randa, na katika mashine ya umeme waweza kuruka na kumpiga mtu.

Safisha mbao kwa brashi ngumu na maji kidogo ya sabuni, kisha zikaushe. Zipange chini ya paa lenye upepo, ukitia vijiti vyembamba kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite. Usizianike juani, maana zitapinda kama pembe. Ziache wiki kadhaa. Miezi ya Januari na Februari ndiyo inayofaa kwetu, maana kuna jua na mvua ni chache. Ubao uliopigiliwa ukiwa na unyevu utasinyaa baadaye na kuacha mianya, na misumari italegea.

Watu wengine hupaka oili chafu ya gari ili kuzuia wadudu. Kwa nguzo za uzio ni desturi, lakini kwa dari ni kosa. Itanuka miaka mingi, itadondoka wakati wa joto, na inasaidia moto. Nunua dawa ya mbao katika duka la vifaa vya ujenzi, soma maagizo, na ipake nje kabla ya kupigilia.

TAZAMA PAA KWANZA

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Dari nzuri huanza juu ya dari. Ukifunika paa linalovuja hutauona uvujaji mpaka mbao zimeoza na madoa meusi yamejitokeza chini. Kwa hiyo ngoja mvua kubwa inyeshe, ingia ndani, na tia alama ya chokaa kila mahali panapovuja. Badilisha mabati yenye matundu na kaza misumari yake.

Kisha tazama kenchi. Gonga kila mti wa paa na nyundo. Ukitoa sauti kavu ni mzima; ukitoa sauti ya mti ulio wazi ndani, umeliwa. Tafuta njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani, uzivunje na ufuate mpaka kwenye chanzo chake. Kenchi zilizojengwa kubeba mabati tu huenda zisiweze kubeba na dari, kama utakavyoona katika hesabu ifuatayo. Ikiwa ni dhaifu, mwite fundi aziongezee nguvu kwanza.

Kisha acha njia za hewa. Nafasi kati ya dari na mabati lazima ipumue, la sivyo mvuke utakusanyika huko na kulowesha mbao kutoka juu. Fungua matundu pande mbili za nyumba zinazoelekeana, na uyafunike kwa wavu wa waya wa matundu madogo ili popo na panya wasiingie. Mavi ya popo juu ya dari hunuka na kuleta maradhi.

Mwisho, acha mlango mdogo wa kupandia, wa futi 2 kwa futi 2, mahali pasipoonekana sana. Bila mlango huo, siku paa litakapovuja itakubidi kuvunja dari uliyoihangaikia.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Chukua kalamu na karatasi tufanye hesabu pamoja. Tuseme sebule yako ni futi 12 kwa futi 12, na mbao zako ni za paleti, upana wa inchi 4, unene wa robo tatu ya inchi, zimekatwa futi 3.

Futi 12 ni inchi 144. Gawanya kwa 4, utapata safu 36 za mbao. Kila safu ina urefu wa futi 12, yaani mbao 4 za futi 3. Basi 36 mara 4 ni mbao 144. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya zitakazopasuka au kukataliwa, upate mbao 173. Kama kila paleti inakupa mbao 10 nzuri, unahitaji paleti 18.

Sasa mihimili ya kupigilia. Lazima kila mwisho wa ubao ulale juu ya mhimili. Ubao una inchi 36, kwa hiyo weka mihimili kila inchi 18, kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine, ili kila ubao ushikwe mwanzo, katikati na mwisho. Inchi 144 gawanya kwa 18 ni nafasi 8, yaani mihimili 9. Kila mmoja ni futi 12, jumla futi 108 za mbao za inchi 2 kwa 2. Mihimili hii yafaa iwe mipya au mikuukuu iliyo mizima kabisa. Usiifanyie ubahili, maana ndiyo inayobeba yote.

Uzito wake je? Kwa mbao nyepesi kama saiprasi au paini, dari hiyo pamoja na mihimili yake itakuwa na uzito wa karibu kilo 160. Hiyo ni kama kuweka karibu magunia mawili ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, juu ya vichwa vya watu wa nyumba. Mbao za mkaratusi ni nzito zaidi. Sasa umeelewa kwa nini tulianza na kenchi.

Ubao wa sanduku la chai hauna hesabu kama hii. Kwa kuwa ni mwembamba na mpana, hupigiliwa kama kibao kizima, na viungo vyake hufunikwa na vijiti vyembamba.

KUPIGILIA

Kabla ya yote pitisha nyaya za umeme, kama nitakavyoeleza mbele. Kisha fuata hatua hizi:

1. Piga mstari ukutani kuzunguka chumba chote, kwa uzi wenye chokaa na pimamaji. Usifuate ukingo wa ukuta, maana kuta nyingi hazikunyooka.

2. Funga mihimili 9 kwa usawa wa mstari huo. Ncha zake zishikwe ukutani, na kila futi 4 ishikwe na kipande cha mbao kinachoteremka kutoka kwenye kenchi. Tumia misumari ya inchi 3 au skurubu. Jining'inize kwa mikono miwili kwenye kila mhimili. Usiotikisika ndio uliofungwa sawasawa.

3. Anza safu ya kwanza kwa ubao mzima. Safu ya pili ianze kwa nusu ubao wa inchi 18, kisha mbao tatu nzima, kisha nusu nyingine. Ya tatu iwe kama ya kwanza. Hivyo viungo havifuatani, kama vile matofali ukutani. Kila nusu mbili hutoka katika ubao mmoja, na hesabu yetu haibadiliki.

4. Piga misumari miwili ya inchi 2 kwenye kila mhimili. Mbao kuukuu hupasuka kirahisi mwishoni, kwa hiyo toboa tundu dogo kwanza.

5. Usizibane mbao. Acha nafasi ndogo kama unene wa sarafu kati ya ubao na ubao, na nusu inchi kati ya mbao na ukuta. Mvua za Aprili na Mei zikija, mbao zitanywa unyevu na kuvimba. Zisipopata nafasi zitasukumana mpaka zitokeze tumbo na kung'oa misumari. Nafasi ya ukutani itafunikwa na ubao mwembamba wa pembeni, nao upigiliwe ukutani, si kwenye dari.

Kazi hii yahitaji watu wawili na jukwaa imara la kusimamia. Usisimame juu ya meza iliyowekewa kiti.

SASA UREMBO

Tumefika mahali ambapo wengine wangependa kuanzia. Zitandaze mbao zote chini, uwanjani au sakafuni, katika mraba ulio sawa na chumba. Ziangalie ukiwa mbali kidogo, na umwite mama wa nyumba atoe shauri lake, maana yeye ndiye atakayeiona dari hiyo kila siku. Utaona saiprasi ina rangi ya manjano hafifu, mtarakwa ni mwekundu, mkaratusi unaelekea waridi, na ubao uliokaa mvuani umekuwa wa kijivu. Usizikusanye nyeusi mahali pamoja. Zichanganye, kisha zipe namba kwa chaki ili zipande juu kwa mpango ule ule.

Ikiwa madirisha yako ni madogo, weka mbao nyeupe zaidi kuliko nyeusi, la sivyo sebule itakuwa na giza mchana. Elekeza safu za mbao kutoka kwenye dirisha kubwa kuingia ndani, ili mwanga upite pamoja na mbao, na kingo zisizolingana zisionekane sana. Alama za misumari ya zamani na maandishi ya paleti yaliyofifia waweza kuyaacha machache. Hayo ndiyo historia ya ubao.

Ukitaka kuona mbao zinavyoweza kupamba jengo, nenda mjini Kericho uingie katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka wa 2015. Tazama juu. Kati ya matao ya zege zimepangwa mbao nyembamba za saiprasi, safu kwa safu, na uzuri wake wote umetoka katika unyofu wa mistari na nafasi zilizo sawa. Si mbao kuukuu, lakini somo ni lile lile: vipande vyembamba vilivyopangwa kwa uangalifu vyapendeza kuliko mbao za bei kubwa zilizopangwa ovyo.

Na huko pwani, Lamu na Unguja, mafundi walijenga dari kwa maboriti ya mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokata shauri la upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba vya nyumba zile za mawe ni virefu na vyembamba. Hawakuulazimisha mti uwe mrefu. Walijenga kwa kadiri ya mti walio nao. Wewe pia, mwenye mbao za futi 3, fanya hivyo.

Mwisho piga msasa na upake vanishi, au mafuta ya kitani ukitaka mbao zibaki na rangi yake. Lakini angalia: tambara lililolowa mafuta ya kitani, likikunjwa na kutupwa pembeni, huweza kupata joto lenyewe na kuwaka bila kiberiti. Litandaze nje likauke, au litie katika ndoo ya maji.

MOTO NA UMEME

Usiweke dari ya mbao juu ya jiko la mafiga. Jikoni mwenye kuni abaki na mabati na njia nzuri ya moshi. Ikiwa bomba la moshi linapita sebuleni, mbao zisiliguse. Acha nafasi ya kutosha pande zote na uifunike kwa kipande cha bati. Taa ya mafuta isitundikwe kwenye dari.

Nyaya za umeme zisilale ovyo juu ya mbao kavu. Zipite katika mabomba yake, viungo vyote viwe ndani ya visanduku, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni kabla dari haijafungwa. Panya hupenda kutafuna nyaya, na cheche moja katika vumbi la darini yatosha. Tumia balbu zisizo na joto kali. Weka ndoo ya mchanga mlangoni, na mara mbili kwa mwaka panda kwa ule mlango mdogo ukiwa na tochi: utazame maji, mchwa, panya na nyaya.

FEDHA

Bonasi haifanani mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo usikope fedha kwa ajili ya pambo. Toa kwanza karo ya shule, mbolea ya chai na chakula cha miezi ya njaa. Kinachobaki ndicho cha nyumba. Uzuri wa mbao kuukuu ni kwamba zinakungoja. Waweza kununua paleti chache msimu huu na chache msimu ujao, ukazing'oa misumari jioni na kuzihifadhi chini ya paa. Anza na chumba kimoja. Ukikimaliza vizuri, mikono yako itakuwa imejifunza, na cha pili kitakwenda upesi.

Zaidi ya hayo, panda. Kila mkulima mwenye pembe ya shamba isiyofaa chai aweza kupanda miti kidogo ya mbao, mbali na chemchemi ikiwa ni mikaratusi, maana hunywa maji mengi. Waliopewa vipande vyao vya ardhi zaidi ya miaka 60 iliyopita, na wakapanda miti mipakani, leo watoto wao wanapasua mbao bila kwenda sokoni.

Basi, ndugu mkulima, shika utaratibu huu: paa lisivuje, kenchi ziwe imara, mbao ziwe kavu na safi, nyaya zifungwe, ndipo upigilie, na ukishapigilia, ndipo upambe. Atakayeufuata atalala usiku wa mvua ya mawe bila hofu, na asubuhi hataona tone kitandani.